Mdudu wa Jino la Bibi

Tangu utotoni nina ugonjwa mmoja: nikiambiwa kitu kipo, lazima nikione. Ugonjwa huo ndio uliompeleka bibi yangu kwa daktari wa meno, na alikuwa ameapa kwamba koleo la daktari litaingia kinywani mwake siku atakapokuwa maiti.

Ilikuwa miaka ya themanini, enzi zile shule zikitugawia maziwa ya pakiti, nami niko darasa la tano. Tulikaa mji wa kale wa Malindi, mimi na yeye tu. Kila alfajiri bibi alitafuna ncha ya kijiti cha mswaki mpaka kikatoa nyuzi, akasugua, na meno yake ya mbele yalikuwa meupe kuliko yangu. Lakini gego moja la nyuma lilikuwa na tundu, na sababu tuliijua sote. Kwetu jino halikuoza, lililiwa na mdudu.

Dawa ya mdudu alikuwa nayo somo yake, mwanamke wa Mambrui, rafiki yake tangu usichana. Alikuja na mbegu kavu za matunguja, yale matunda madogo ya porini, kazifunga pembeni mwa leso. Aliweka kigae chenye makaa katikati ya beseni la maji, akanyunyiza mbegu, akafunika kwa kifuu kilichotobolewa, akachomeka bua la mpapai kwenye tundu. Bibi alilitia bua kinywani, moshi ukamfikia gegoni, mate yakamtiririka. Kisha somo akafunua.

"Njoo utazame, mjukuu wangu. Watano hao."

Walikuwa wakielea majini, weupe, wembamba kama vipande vya uzi, wamejikunja. Nilifurahi kupita kiasi. Niliwaopoa wawili, nikawatia kwenye kiberiti na punje za sukari, nipate kujua wanakulaje.

Maumivu yalitulia kweli, siku mbili tatu. Hilo siwezi kulikana. Halafu yalirudi, na somo naye akarudi. Baada ya mara ya nne shavu la bibi lilivimba mpaka jicho likawa dogo. Alikuwa hali ila uji, na uji wenyewe ulipoa mbele yake. Niliogopa.

"Bibi, twende hospitali."

"Koleo hung'oa jino tu. Mdudu hubaki, akahamia la pili. Ning'olewe yote?"

Lakini wale wa kwenye kiberiti walinitia shaka: sukari hawakuigusa, na hata nilipowachoma kwa sindano hawakujinyonganyonga. Basi adhuhuri moja, bibi kajilaza, nilipanga beseni, makaa na kifuu vilevile kama somo, nikanyunyiza mbegu alizotuachia. Bua nililiacha hewani. Nilipofunua, walikuwapo saba.

Nilimwamsha. Alikuja ameshika shavu kwa leso, akachungulia.

"Wa nani hawa?"

"Hawana mwenyewe, bibi. Wametoka kwenye mbegu."

Alichutama. Alichukua mbegu moja isiyoungua, akaiminya kwa kucha, akaitazama karibu na jicho lake zima. Ndani yake mlikuwa na kijiuzi cheupe kilichojikunja.

"Somo hajui haya," alisema. "Nawe usimwambie. Nipe buibui langu."

Daktari alikuwa kijana wa Kaloleni. Kila chombo alimwonyesha bibi kabla ya kukitumia, kioo, sindano ya ganzi, koleo, kisha akasema kwa upole, "Achama, nyanya." Bibi aliuliza maswali kunishinda, na mengine aliyauliza wakati mdomo umeshakufa ganzi, tusimwelewe. Jino lilipotoka alilidai. Nyumbani tuliligeuza pamoja mwangani: tundu jeusi, na ndani hamna kitu. Siku ya tatu alikula wali, akakwangua mpaka ukoko.

Baada ya miezi michache somo alikuja bila kutazamiwa, safari hii shavu lake ndilo lililovimba. Alizishika mbegu mwenyewe, akitaka bibi amfukize. Ulimi uliniwasha. Bibi alinitupia jicho mara moja, nikanyamaza.

"Somo, huyu wako mkubwa," alimwambia. "Mbegu hazimwezi. Hata wangu ilibidi atolewe na daktari, na wala sikusikia kitu."

Tulikwenda sote watatu. Mlangoni mwa daktari somo alisita, akanishika kifundo cha mkono.

"Mjukuu wangu, wewe una macho mazuri. Huyo wa bibi yako, ulimwona kwa macho yako?"

Bibi alikuwa akitazama ukuta. Mimi, nisiyekubali kitu mpaka nikione, nilimjibu, "Nilimwona. Mkubwa."

Akaniachia mkono, akaingia.