Jembe Katika Fakture ya Mahari

Watu wengi wa Bunia wamejaribu kuuza vitu kwenye soko la mtandaoni, na bidhaa za wengi zilikufa kabla msimu haujageuka. Yangu inauzwa mpaka leo. Sijivuni, nasema tu ilivyo, maana mimi niliacha shule darasa la tano, na hata hilo la tano sikulimaliza. Leo wenye diplome wanakuja kwangu mtaa wa Shari kuniuliza siri. Huwa nawajibu kwamba siri ni akili. Lakini kulikuwa na mwaka mmoja ambapo akili peke yake haikutosha, na huo ndio nitakaoueleza.

Bidhaa yenyewe ni fakture ya mahari. Kwetu, familia ya msichana ikimkubali mchumba, wazee wanakaa na kuandika karatasi ya vitu vyote wanavyodai: ng'ombe, mbuzi, kitenge cha mama, koti la baba, taa, chumvi. Karatasi hiyo tunaiita fakture, na bila fakture hakuna ndoa. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha fotokopi, na kila wiki mtu alikuja nimchapie yake. Nikafikiri, hawa wenzetu walioko Kampala, Kanada na Ubelgiji, wao wanachapiwa na nani? Nikachukua fakture niliyopewa mimi mwenyewe na wakwe zangu, nikaichapa upya vizuri, nikachora ua kwenye kila pembe, nikafuta majina, nikaacha nafasi za kujaza. Nikaiweka sokoni kama faili. Mtu analipa, faili inaingia kwenye simu yake, basi. Hakuna mzigo wa kubeba, hakuna lori la kusubiri. Hata kujiandikisha nilifanya peke yangu. Fomu ilikuwa ndefu, na kila mahali ambapo sikuelewa niliweka alama ya ndiyo. Mpaka leo napokea barua pepe za matangazo ya mbegu za maua.

Iliuzwa. Nakuambia iliuzwa, mpaka mke wangu akaniomba nizime simu wakati wa kula. Nikauza mashine ya fotokopi, nikafunga kibanda, nikatangazia mtaa mzima kwamba mimi sasa naishi kwa intaneti. Hapo ndipo nilipojiweka pabaya, kwa sababu simu ilinyamaza. Ilinyamaza wiki, ikanyamaza mwezi, ikanyamaza msimu mzima wa mvua. Kibanda sina, mashine sina, na kila niliyemtangazia ananisalimu kwa kuniuliza habari za intaneti. Kama fakture ingekufa, ningerudi kwenye kazi yangu ya ujana, kufunga mizigo juu ya malori ya Komanda, na siku hizo kwenye barabara ile uliondoka bila kujua kama wenye bunduki watakuacha ufike.

Nilijaribu kila kitu. Nilibadilisha picha ya mbele: nikaweka pete mbili, nikazitoa, nikaweka ng'ombe, nikamtoa, nikaweka picha yangu mwenyewe nimevaa suti. Ile ya suti ndiyo iliyofanya vibaya kuliko zote, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Nilishusha bei. Nikaipandisha, ili watu waogope kuikosa. Jirani yangu mwenye diplome akanishauri nibadilishe jina la bidhaa, nikalibadilisha mara nne, mwishowe mimi mwenyewe nikiitafuta siioni.

Mke wangu alikuwa akiniangalia tu. Siku moja, anatwanga sombe, majani ya mihogo, aliniuliza bila kuinua macho.

"Ile maneno watu wanaandikaka chini yake, weye unasomaka?"

Sikuwa nasoma. Nilidhani ni mambo ya wenye soko. Tukafungua, akaanza kunisomea. Wa kwanza alisifu maua ya pembeni. Wa pili alikuwa Kanada. Alishukuru, ila alitaka kujua kwa nini watu wa huku kwetu Ituri wanadai jembe la mihogo, maana alikuwa amezunguka mji mzima kwenye theluji kulitafuta na alichopata ni koleo la kuzolea theluji. Wa tatu alisema yeye pia alilipa jembe. Wa nne aliuliza mihogo ipi.

Mke wangu akaweka mchi chini, akacheka mpaka akaketi.

Naomba nieleze. Siku nilipokwenda kujitambulisha kwa wakwe zangu nilikwenda kwa pikipiki ya kuazima, kwa mwendo wa mtu anayetaka kuonekana, na mama mkwe alikuwa ameanika mihogo uani juu ya turubai. Nilipita juu yake na pikipiki, toka mwanzo mpaka mwisho. Wazee walichukua kalamu. Waliandika tu kwenye fakture, mstari wa kumi na moja: jembe moja jipya, kwa ajili ya mihogo ya mama iliyokanyagwa na bwana arusi. Na mimi nilipochapa ile ya kuuza nilifuta majina yote, nikauacha mstari huo. Nilikuwa nimeuzoea. Kwangu ulikuwa sehemu ya mahari kama chumvi. Basi muda wote huo vijana wa nchi za watu walikuwa wakilipa faini yangu, na wanunuzi wapya wakisoma hayo wanakimbia.

Utasema, kwa nini waliojaza hawakuufuta? Kwa sababu kwetu karatasi iliyoandikwa kwa mkono watu wanaijadili, lakini iliyopigwa mashine wanaitii.

Nilipanga kuufuta kimyakimya. Kabla sijafanya hivyo, nikapigiwa simu kutoka mtaa wa Bigo. Chini ya kila ukurasa nilikuwa nimeandika jina langu na namba kwa herufi kubwa, ili mtu asiibe kazi yangu, kwa hiyo kunipata hakukuwa na shida. Mwanamke akaniambia kama ni mimi niliyetengeneza fakture, nije sasa hivi, tena nije na kompyuta.

Niliwakuta wamekaa pande mbili za sebule. Huku familia ya msichana, watu wa Mahagi. Aliyenipigia ni shangazi yake. Kule familia ya kijana, wafugaji waliokimbilia mjini wakati wa vita, na ng'ombe wao wote wakaenda na wezi. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, muzee mrefu mwenye fimbo. Katikati, juu ya meza, iko fakture yangu. Dada ya msichana ndiye aliyeinunua kule Kampala, akaijaza, akaituma.

"Mwenyewe ni huyu," shangazi alisema. "Mumuulize."

Muzee akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na moja.

"Siye tulikanyaga mihogo ya nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kujibu. Ilikuwa miaka ile ambapo bunduki zimenyamaza mjini lakini hakuna aliyesahau nani alipita katika shamba la nani, na mstari kama ule, uliopigwa mashine, ulikuwa ni mashitaka. Familia ya msichana nao walikuwa wamekwama. Walidhani yule dada wa Kampala anajua kitu ambacho wao hawakijui. Kijana na msichana walikuwa wamesimama mlangoni pa jikoni, wananiangalia kama wagonjwa wanavyomwangalia daktari.

Kweli kabisa, nilifungua kinywa ili niseme ni desturi ya zamani. Aibu ya mihogo ingebaki siri yangu. Lakini ndoa ingekufa, na kesho Bigo nzima ingesema fakture ya yule mutu wa Shari inavunja ndoa. Nikageuza maneno.

"Ile jembe ni yangu," nilisema. "Ni mimi nilikanyagaka. Na pikipiki. Ilikuwa mihogo ya mama mukwe."

 Kisha shangazi akataka kujua mihogo ilikuwa mingi kiasi gani. Nikasema turubai zima. Akauliza kama nilikuwa nimelewa. Nikasema hapana, nilikuwa najionyesha. Muzee aligeuza uso kutazama ukuta, mabega yakaanza kumtikisika, na upande wa Mahagi walipoyaona mabega yale, nao wakashindwa kujizuia. Nimechekwa mara nyingi katika maisha yangu, ila si kawaida kuchekwa na pande zote mbili kwa pamoja.

Nikaufuta mstari palepale. Lakini kicheko hakikuleta ng'ombe. Fakture ilidai ng'ombe watano, na pembeni ya kila kitu mimi nilikuwa nimeweka safu moja tu: Imeletwa. Muzee alieleza kwamba kutoa anataka, ila hana hata mmoja, na hata akipewa leo hana mahali pa kumlisha. Shangazi akajibu kwamba hawawezi kumtoa binti kwa karatasi tupu. Pande mbili zikaanza kutazama sakafu.

Hapa akili yangu ilifanya kazi, na hili sitaki mtu alisahau. Nilivuta kompyuta, nikaongeza safu ya pili: Itakuja.

"Itakuja siku gani?" shangazi aliniuliza.

Nilikuwa karibu kutaja mwezi fulani. Muzee akanitangulia.

"Siku nitalala kwangu bila viatu."

Mle ndani hakuna ambaye hakuwahi kulala na viatu miguuni, ili akisikia risasi asipoteze muda wa kuvitafuta. Shangazi alitazama miguu yake mwenyewe.

"Andika vile," aliniambia. "Mimi mwenyewe ningali nalala navyo."

Nikaandika, wakatia sahihi, kisha wakala chakula.

Kesho yake niliweka fakture mpya sokoni, na wote walionunua zamani nikawatumia bure, pamoja na maneno ya kuomba radhi kwa habari ya jembe. Jirani yangu mwenye diplome alisema nimeiua biashara kwa mikono yangu. Ila hao wa bure ndio walioifufua. Waliandika chini yake, wakaambiana, na watu waliotawanyika kila mahali, ambao mali yao ilibaki nyuma, wakaanza kuitafuta ile yenye Itakuja. Tangu hapo kila msimu mimi na mke wangu tunaketi, yeye anasoma maneno ya wanunuzi, mimi narekebisha. Kazi ndiyo hiyo. Picha ya mbele sijaigusa tena.

Wiki moja baada ya ndoa, muzee alikuja kwangu Shari kwa miguu, nakala yake mkononi. Nikaogopa kwamba amejuta. Alichosema ni kwamba sanduku la kuandikia ng'ombe ni dogo mno. Limeandikwa ng'ombe mmoja, ng'ombe mmoja, mara tano, na hao si ng'ombe, hizo ni hesabu. Alitaka nafasi ya rangi. Nikalipanua sanduku, na hivyo ndivyo lilivyo sokoni mpaka leo. Akakaa, akaanza kunitajia yule wa kwanza, ambaye hata hajazaliwa: mwekundu, doa jeupe kwenye paji, mkia mrefu. Mimi nachapa. Alipofika kwenye pembe alisema zimeinama, kisha akabadili mawazo, akaniomba nifute zilizoinama, niandike zilizosimama.