Mstari wa Kumi na Nne Ukutani

Mtaa mzima ulimwita Bwana Taratibu, naye hakukasirika. Alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa miaka hamsini na mbili, asiyepandisha sauti hata spana ikimdondokea mguuni. Dada yake mdogo alipokwenda kusomea uuguzi ng'ambo, alimwachia gari lake dogo jeupe, alilolinunua kwa jasho lake la miaka mingi.

"Kaka, nikirudi napelekwa zahanati ya mbali. Bila gari sifiki. Na usimpe yule."

Yule alikuwa mtalaka wake, aliyemng'oa meno mawili kabla hawajaachana.

Bwana Taratibu alilipandisha gari juu ya magogo bandani. Akafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akaitoa betri na kuiweka chumbani kwake juu ya ubao mkavu. Ukiiacha kwenye gari lililolala, saa na king'ora huinyonya kidogo kidogo mpaka inakufa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alisugua vichwa vya betri kwa maji moto na magadi, akaongeza maji ya betri, akafungua dirisha, ndipo akaichaji. Mwishoni aliipima na kuandika volti ukutani kwa chaki, mstari mmoja kila mwezi.

"Hata marehemu mkeo hukumtunza hivi," jirani yake mshonaji alimtania.

"Yeye alikuwa na mdomo wa kusema ana kiu."

Jumapili ya mwezi wa kumi na nne, dada akiwa amebakiza wiki tatu arudi, betri ilikuwa kwenye chaja tangu asubuhi. Saa saba mchana yule mtalaka akavunja kufuli ya banda kwa nondo, Bwana Taratibu akamfuata humo.

"Shemeji, nimefuata gari langu."

"Si lako, shemeji. Hati ina jina la dada."

"Nimelala nyumba moja na hilo gari miaka saba!"

Nondo ikashuka. Bwana Taratibu aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa, na mfupa ukakatika kwa sauti ya ukuni mkavu. Shemeji alichomoa ufunguo mfukoni mwa Bwana Taratibu, akaingia garini, akauzungusha. Kimya. Akauzungusha tena, akapiga usukani kwa ngumi.

"Umelifanya nini?"

"Halina betri."

Alimkamata ukosi, akamburuta mpaka chumbani. Betri ilikuwa pale kwenye ubao, vifuniko wazi, ikichemka taratibu kama chungu cha maharage. Kutoka ng'ambo ya ukuta cherehani ya mshonaji ilisikika, kisha ikanyamaza.

"Jirani yako ana masikio marefu," shemeji alisema, akalifunga dirisha na kulikaza komeo. Ndipo alipompiga kwa raha zake. Alimpiga mateke ya mbavu, akamkanyaga vidole vya mkono uliobaki mzima, akamgonga kichwa sakafuni huku akimtaja dada kwa matusi yote aliyoyajua. Muda ule wote betri iliendelea kuchemka, na Bwana Taratibu, damu mdomoni, alikuwa akiifikiria gesi inayotoka mle ikijaa chumba kisicho na pa kupumulia.

Shemeji alipochoka aligeukia betri.

"Usivute vibano vya chaja," Bwana Taratibu alisema. "Zima ukutani kwanza. Fungua dirisha. Cheche moja tu..."

"Nifungue dirisha upige mayowe? Na bado unanifundisha mimi?"

Akainama, akakishika kibano cha chanya, akakivuta.

Mlipuko ulivunja kioo cha dirisha. Betri ilipasuka upande wote wa juu, asidi ikaruka ukutani na usoni mwa shemeji. Alianguka akijifikicha macho, akilia kama ndama.

Mshonaji aliingia mbio na ndoo ya maji, akaona kila kitu mara moja. Akaishusha ndoo.

"Mwache aoze!"

"Maji kwanza, mama. Matusi baadaye."

Kwa mkono mmoja Bwana Taratibu alimlaza chali shemeji, akamkalia kifuani.

"Fumbua macho."

"Utaniua!"

"Ningetaka hivyo ningekuacha uyafikiche."

Alimmiminia maji machoni kopo baada ya kopo, akitazama saa ya ukutani, huku mshonaji akichota, akitukana, akichota tena. Polisi walipofika walimkuta shemeji analia lakini anaona.

Wiki tatu baadaye dada aliingia bandani. Kaka yake, mkono ukiwa kwenye plasta, alikuwa ameng'oa betri ya gari lake mwenyewe na kuifunga kwenye lile jeupe, chanya kwanza, hasi mwisho. Dada akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.

Hakuondoka. Alizima, akaingia chumbani, akatazama mistari kumi na mitatu ya chaki, na chini yake rangi ya ukuta iliyoliwa na asidi.

"Mshonaji kaniambia. Ulimwosha macho dakika ngapi?"

"Ishirini."

Dada aliuangalia mkono wa plasta.

"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema. "Lakini mimi saa yangu ingekimbia."

Bwana Taratibu alicheka mpaka mbavu zikamkumbusha, akampa chaki aandike volti za betri ile.