Pua ya Depo

Watu wengi hudhani gesi ya kupikia huzaliwa na harufu yake. Sivyo. Harufu ile ya yai viza na kabeji iliyooza huongezwa makusudi, ili gesi ikivuja mtu ajue kabla hajawasha kiberiti. Mimi niliishi nayo miaka ya tisini katika depo moja upande wa viwanda vya Baba Dogo, nikishusha gesi kutoka kwenye matrela, na iliniingia hadi kwenye nywele. Nikirudi jioni, jirani mmoja alitoa kichwa mlangoni kuuliza ni nini kimekufa kwenye korido. Ploti nzima tuliyopanga vyumba haikuwa na mtungi hata mmoja. Sisi tulioshusha gesi kwa matani tulipikia makaa na mafuta ya taa kama watu wengine wote.

Kushusha trela ni kazi ya subira, na Mungu alipokuwa akigawa subira mimi sijui nilikuwa wapi. Dereva anaingia polepole, anazima injini, anaacha ufunguo, kiberiti na sigara zake getini. Tunaweka vigogo kwenye magurudumu. Tunafunga waya unaoteremka ardhini ili umeme wa msuguano usizue cheche. Tunaunganisha mipira miwili minene, mmoja wa gesi iliyo maji na mwingine wa mvuke, tunapaka maji ya sabuni kwenye maungio na kutazama kama kuna povu. Baada ya hapo mnakaa. Pampu inanguruma, mpira unavaa barafu nyeupe hata jua likiwa la utosi, na ninyi mnasimuliana habari za mpira wa miguu mpaka zinakwisha.

Hatari yenyewe ilikuwa mwishoni. Ukishafunga valvu, gesi kidogo hubaki kwenye mpira, na lazima itolewe kabla ya kuufungua. Gesi hii haipandi juu kama moshi. Ni nzito, huteremka, hujificha chini ya trela na kwenye mitaro. Dereva akiwasha injini kabla haijatawanyika, hakuna atakayebaki kusimulia. Kipimo cha gesi kilikuwepo, lakini kilikuwa ofisini ndani ya sanduku lake, kikingoja fundi tangu kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo tulitegemea pua. Mtu mmoja, tena yule yule kila mara, alizunguka trela ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka, akapita kila gurudumu, akachutama penye mtaro. Sisi wengine tulinyamaza kimya. Akiridhika aliinua mkono na kusema, "Washa." Neno hilo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulisema, hata msimamizi.

Mtu huyo alikuwa jirani yangu, mlango wake ukitazamana na wangu. Kwao ni magharibi, ng'ambo ya mto kutoka kwetu, na alinizidi umri na kazi, kwa hiyo nilimwita mkubwa. Madereva waliotoka Mombasa walimwamini kuliko breki zao. Yeye na mkewe walikuwa wamekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, na maneno ya watu wa nyumbani yalikuwa yameanza kuwachoma. Mwaka huo shemeji alikuwa mjamzito. Mkubwa alitembea kwa madaha, sikuwahi kumwona mtu anayejivunia kubeba ndoo ya maji namna ile.

Baridi ya Julai ilimlaza kwa homa kali. Alipopona akarudi kazini, na maisha yakaendelea. Siku moja maharagwe yakaungua nyumbani kwake hadi moshi ukatoka dirishani, naye ameketi kando ya jiko akisikiliza redio. Shemeji alikuja mbio kutoka bombani. "Wewe, nyumba inaungua na umekaa tu hapo?" alimuuliza. Sote tulicheka. Wiki hiyo hiyo shimo la choo likafurika, wapangaji wakapita wamejifunika nyuso kwa leso, na mkubwa ameketi koridoni anakula ugali kwa dagaa wa omena, anasalimia kila mtu. Nilimtania kwamba mtu wa gesi hazoei harufu, ni harufu humzoea yeye. Alicheka sana. Sasa najua alicheka kupita kiasi.

Kazini ndipo macho yaliponifunguka. Tulikuwa tumemaliza kushusha, mpira umetolewa gesi, naye anazunguka kama kawaida. Mimi nilisimama karibu na gurudumu la nyuma, na harufu pale ilikuwa nzito ya kukatwa kwa kisu. Mkubwa alipita mbele yangu, akainama palepale, akainuka, akaanza kuinua mkono. Nikasema, "Ngoja kidogo, mkubwa, upepo umegeuka." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Alinitazama, akashusha mkono, tukangoja.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta bombani akifua ovaroli. Sikuzunguka mbuyu.

"Mkubwa, unasikia harufu?"

Aliendelea kusugua kola. "Tangu ile homa," alisema. "Hata hii sabuni. Najua ni sabuni kwa sababu ina povu."

"Na unawaambia watu wawashe."

"Nahesabu polepole kichwani. Nikiona muda umetosha, nasema. Hii kazi nimefanya miaka, najua inachukua muda gani kutawanyika."

"Na upepo usipokuwepo?"

Alikamua ovaroli, akaitundika, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu mkewe alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, "Ndugu yangu, pale depo mimi ni pua. Pua ikifa nitabaki nani? Nitamwambia nini huyu mama, na mtoto anakuja mwezi ujao?"

Nilipandwa na hasira, na hasira yangu haina adabu. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba hiki hakitamuumbua peke yake, kitatuchukua sote na dereva wa watu juu yake. Nilimwambia trela likiingia kesho aseme mwenyewe, la sivyo nitasema mimi. Shemeji aliinua macho kutoka kwenye mboga akatutazama. Nilimsalimia nikaingia ndani, na siku nzima nilijiona kama mtu aliyempiga mzazi wake.

Jumatatu trela liliingia asubuhi. Mkubwa alifanya kila kitu kwa utaratibu wake: vigogo, waya, mipira, sabuni. Hakunitazama. Pampu iliponyamaza na mpira ukatolewa gesi, dereva alipewa ufunguo akapanda, akangoja mkono uinuke. Mkubwa akaanza kuzunguka. Gurudumu la kwanza, la pili, akapinda nyuma, akaja upande wetu. Nilimwona akifika mtaroni, akachutama, akakaa pale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilimchukia kwa kunifikisha hapo, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Akainuka. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chai imekwisha, "Msimamizi, mimi sisikii harufu. Tangu Julai. Tafuta mtu mwingine aseme."

Dereva aliteremka taratibu, akauweka ufunguo juu ya ngazi ya trela, akatembea hadi nje ya geti. Msimamizi alikuwa mtu wa kufoka, lakini siku hiyo alisimama tu, na uso wake ulionyesha anayakumbuka matrela yote yaliyowashwa tangu Julai. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe. Inama."

Nikainama. Penye gurudumu la nyuma harufu bado ilikuwepo. Tulingoja muda mrefu. Dereva aliitwa akapanda tena, nami nikasema, "Washa."

Hawakumfukuza. Walimpeleka nyuma ya depo kupaka rangi mitungi iliyochakaa, mbali na matrela, na vijana wakaanza kumwita mzee wa rangi. Alilipokea jina hilo akaendelea kupaka. Lakini mimi hakuniongelesha. Tulikutana koridoni tukapishana kama watu wa ploti mbili tofauti, na iliniuma kuliko nilivyotaka kukubali.

Mtoto alizaliwa, msichana. Walipotoka hospitali nilikaa ndani nikisikia majirani wakiingia kwao na kutoka, nisijue kama ningekaribishwa. Mwishowe mlango wangu ukagongwa. Alikuwa yeye. Alisema tu, "Njoo."

Shemeji alikuwa ameketi kitandani. Mkubwa alimchukua mtoto mikononi mwa mkewe akamweka mikononi mwangu, akasahihisha kiwiko changu ili kichwa kikae vizuri.

"Wewe ndiye pua sasa," alisema. "Niambie ananukia vipi. Mama yake ameniambia, lakini mama husifu. Mimi nataka kujua."

Niliinama juu ya utosi ule. Kazini nilijua kusema ipo au haipo, basi. Sikuwahi kuombwa zaidi ya hapo. Nikamwambia ananukia maziwa. Nikamwambia kuna mafuta ya kujipaka, na nguo mpya iliyofuliwa ikaanikwa juani, na chini yake kuna joto fulani, kama uji unapoanza kuiva kabla hujautia sukari.

Akaniambia nirudie. Nikarudia, polepole, na nilipokuwa nikisema aliinama akaweka pua yake kwenye kichwa cha binti yake, akavuta pumzi.