Kufuli la Mama Halima

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa na Mama Halima, tumetoka Korogwe alfajiri na tope limetuganda mpaka kwenye suruali na kanga, tukaingia hospitali moja ya Handeni ambayo jina lake nitalihifadhi. Wakati huo nilikuwa kijana, nywele bado zipo, na nilijiona fundi wa programu kwa kuwa nilikuwa na laptopu ya kwangu mwenyewe. Fundi hasa alikuwa Mama Halima. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja tu pale Korogwe mjini, na yeye ndiye aliyeifungua na kunifundisha kazi. Kama leo mnaniamkia shikamoo na kuniletea programu zenu nizitazame, basi nusu ya shikamoo hizo ni zake.

Nasimulia haya kwa sababu juzi mmoja wenu aliniuliza, tena huku anacheka, kwa nini nampigia kelele aweke kufuli kwenye sesheni wakati programu yake "inafanya kazi fresh tu, mzee". Sikumjibu. Mtu wa umri wangu akikasirika ni heri atafute hadithi kwanza, jibu litafuata.

Kwa yule aliyejiunga nasi karibuni, sesheni ni kumbukumbu ya muda ambayo seva, ile kompyuta kuu ya mfumo, inamtunzia mtu tangu anapoingia kwenye mfumo mpaka anapotoka: yeye ni nani, amefikia wapi, ameomba nini. Kwa kawaida kila mtu ana ya kwake. Lakini Handeni ya siku zile umeme ulikuwa unakatika bila kubisha hodi, na wauguzi walikuwa na desturi yao. Zamu ikiisha, anayetoka humkabidhi anayeingia wagonjwa, funguo, na kazi yoyote iliyobaki nusu. Mama Halima alikaa pembeni akawatazama wakikabidhiana, kisha akaandika mfumo wa kuifuata desturi hiyo. Sesheni ilikuwa moja kwa zamu nzima. Muuguzi akianza kujaza ombi la damu kwenye kompyuta ya leba, kule wanakojifungulia, mwenzake angelikuta na kulimalizia kwenye kompyuta ya wodi ya watoto. Wauguzi waliupenda sana mfumo ule. Hata mimi nausifu mpaka leo, maana aliitazama kazi ya watu kabla ya kuandika hata mstari mmoja.

Siku ile tulikwenda kuwafundisha wauguzi wapya tu. Tukakuta hospitali imechafuka. Mama mmoja wa Sindeni alijifungua alfajiri, akatokwa na damu nyingi. Muuguzi aliyekuwa naye ni Sista Neema, binti wa Kisambaa aliyeteremka kutoka milimani, bado yuko kwenye miezi ya majaribio kazini. Neema aliingiza ombi la damu kwenye mfumo, skrini ikamwambia "Imepokelewa", akarudi kitandani kwa mgonjwa wake kusubiri. Damu haikuja. Alipoona hali inazidi kuwa mbaya alikimbia mwenyewe maabara, nao wakamwambia hawana ombi lolote kutoka leba, wanalo moja tu la wodi ya watoto. Wakampa damu palepale, akaibeba mikononi na kukimbia nayo kurudi. Mama alipona, tunamshukuru Mungu, lakini ilikuwa kidogo tu tumpoteze.

Matroni wa hospitali alikuwa mama mkali, mwenye haki lakini mkali. Alishakata shauri kwamba Neema alisahau kuingiza ombi na sasa anadanganya. "Mfumo hausahau," alisema. "Anayesahau ni mtu." Alimtoa leba palepale. Kesho yake, kwenye ripoti ya asubuhi wauguzi wote wakiwa wamekusanyika, angesomewa kosa lake, na baada ya hapo jina liende kwa mwajiri. Mtu aliye kwenye majaribio akipelekwa hivyo, ajira ndiyo imekwisha.

Tulimkuta Neema amekaa nyuma ya jengo la kufulia, macho mekundu.

"Mama, niliingiza," akamwambia Mama Halima. "Wallahi... samahani, mie Mkristo, lakini naapa niliingiza. Nilisoma 'imepokelewa' kwa macho yangu."

Mimi nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kusema labda alidhani tu amebonyeza. Mama Halima akaniwahi. Alimuuliza swali ambalo mimi lisingenijia hata kidogo: "Ulipokuwa unabonyeza, nani mwingine alikuwa anaingiza?"

Neema akafikiri. "Mwenzangu wa wodi ya watoto. Naye alikuwa na mtoto ameishiwa damu, malaria. Tulikuwa tunaingiza kwa pamoja, maana alinipita anakimbilia kompyuta yake."

Mama Halima akasema polepole, "Fahali wawili." Hakuimalizia methali, na hakukuwa na haja. Mnaijua: fahali wawili hawakai zizi moja.

Alikwenda kwa matroni akaomba mfumo usimamishwe kwanza na maombi ya damu yarudi kwenye karatasi. Kisha akaniweka mimi kwenye kompyuta ya leba, yeye akaketi kwenye ile ya wodi ya watoto, na Neema akasimama katikati ya korido ambapo sote wawili tunamwona. Neema akishusha mkono, tunabonyeza kwa pamoja, kila mmoja na mgonjwa wake wa kubuni. Tukabonyeza, maombi yote mawili yakaonekana. Tukayafuta, tukarudia, yakaonekana tena. Nikaanza kupoteza imani, na nadhani hata Neema mwenyewe alianza. Mama Halima hakuinua uso. "Tena," alisema. "Tena, binti yangu." Ndipo la kwangu likapotea. Skrini yangu imeandika "Imepokelewa", ya kwake nayo imeandika "Imepokelewa", lakini ndani ya sesheni limo ombi moja tu, la kwake. Neema aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili akalia, na nilimwonea huruma mpaka nikatazama pembeni.

Elewa kilichotokea, mwanangu, maana ndicho kitakachokutokea na wewe. Ombi langu lilisoma sesheni, likaikuta tupu. Kabla halijaandika, ombi la Mama Halima nalo likasoma, likaikuta tupu vilevile. La kwangu likaandika: damu ya mama. La kwake likaandika juu yake kile tu lilichokijua: damu ya mtoto. Hakuna aliyekosea kubonyeza, na mashine haikulalamika hata kidogo. Wa mwisho alimfuta wa kwanza bila kujua kwamba yupo.

Mimi, kwa akili zangu za wakati ule, nikamnong'oneza, "Mama, turekebishe tu kimyakimya. Mpaka kesho mfumo utakuwa mzima, hakuna atakayejua." Nilikuwa nawaza hospitali nyingine, huko Korogwe, iliyokuwa inataka kuuchukua mfumo wetu.

Alinigeukia. Sijawahi kumwona amekasirika vile, wala sauti hakuipandisha.

"Salimu, mdogo wangu. Na Neema je?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaendelea. "Na hapa tukificha, kitakachokufa ni jina la mtoto wa watu. Kaa chini tufanye kazi. Kesho nitasema mwenyewe."

Tukafanya kazi mchana kutwa. Mama Halima alikulia Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mitambo ya umeme, na baba yake alikuwa fundi huko. Akanieleza desturi ya mafundi wale. Fundi akitaka kuingiza mkono kwenye mtambo, anazima swichi, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe lenye jina lake, na ufunguo anautia mfukoni. Mwingine yeyote, hata awe mkubwa kiasi gani, anasubiri. Akimaliza, anafungua yeye aliyefunga. "Baba alikuwa anatuambia," alisema, "kufuli lisilo na jina ni chuma tu."

Basi tukaweka kufuli kwenye sesheni. Ombi likija linafunga kwanza, ndipo linasoma, linaongeza la kwake, linaandika, linafungua. La pili linasubiri mlangoni, na likiingia linakuta kazi ya mwenzake imo, nalo linaongeza juu yake. Kuifunga wakati wa kuandika tu hakutoshi, mwanangu, kwa sababu aliyesoma kabla ya kufunga ameshabeba habari ya zamani mkononi. Kusoma na kuandika vyote vikae ndani ya kufuli moja.

Aliniachia niandike sehemu hiyo. Nikafunga mwanzo kabisa wa ombi na kufungua mwisho kabisa, na katikati nikaacha mfumo utume ujumbe wa simu kwa maabara. Mtandao ulikuwa unasuasua. Kila ujumbe ulipokwama, kompyuta zote mbili tulizokuwa tunajaribia zilikwama nao. Mama Halima akaja akasoma nilichoandika, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Salimu! Umejifungia chooni na gazeti, na wenzio wamepanga foleni nje!"

Neema naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Nikahamisha ule ujumbe ukae nje ya kufuli, mambo yakaenda.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi ningeliona la kichaa. Alilizima ombi moja katikati kwa makusudi, likiwa limeshika kufuli. Kufuli likabaki limefungwa na mwenyewe hayupo, wote wakasubiri bila mwisho. Kwa hiyo akalipa kufuli muda wa kuishi: ukipita, linafunguka lenyewe. Nikadhani tumemaliza. Akatikisa kichwa. "Na yule aliyechelewa akizinduka, akaja kufungua, si atafungua la mwenzie?" Ndiyo maana akaandika jina kwenye kila kufuli, na anayefungua analazimika kuhakikisha kwanza kwamba bado ni lake, na hata kuandika haandiki kama kufuli limeshamtoka. Tukarudi korido, Neema akashusha mkono tena na tena mpaka jua likaanza kuinama, na hakuna ombi lililopotea. Tulilala Chanika, palepale Handeni mjini, kwenye nyumba ya wageni, na nakwambia kweli, nililala nikiwa na hofu ya asubuhi.

Ripoti ilipofunguliwa, wauguzi wamesimama na sare zao, Neema peke yake karibu na mlango, Mama Halima akaomba nafasi.

"Shikamoo matroni."

"Marahaba. Sema, mama."

"Sista Neema aliingiza ombi la damu. Lilipokelewa, kisha mfumo ukalifuta. Mfumo huo nimeuandika mimi, kosa ni langu, na jana nimelishuhudia likijirudia mbele ya macho yangu. Kama kuna mtu wa kusomewa kosa hapa, ni mimi."

Matroni alivua miwani. "Unajua, mama, kwamba kwa maneno hayo naweza kuukataa mfumo wako leo hii, na Korogwe wakasikia?"

"Najua. Ukiukataa una haki. Ila binti huyu usimkatae."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, ndivyo tunavyosema. Mama Halima hakuvuliwa na mtu, aliinama mwenyewe mbele ya watu wote, na machoni pangu hajawahi kuwa mrefu kama asubuhi ile. Nilijivunia kuitwa mwanafunzi wake, na aibu ya ushauri wangu wa jana ikanichoma palepale.

Matroni alimgeukia Neema. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ile ya jana, "Neema, nilikuita mwongo mbele ya wenzio. Mbele yao hawahawa nakuomba radhi. Rudi leba, mgonjwa wako tangu asubuhi anauliza yuko wapi yule aliyemkimbilia damu."

Binti aliondoka mbio, hata ruhusa hakuomba. Mfumo matroni aliubakiza. Korogwe walisikia, wakasita kwa miezi, na mwisho walikuja wenyewe. Lakini hilo ni la biashara, silihesabu.

Sasa sikia nasaha, mwanangu. Data ya sesheni inayoguswa na zaidi ya mkono mmoja, ifunge kabla hujaisoma na uifungue mara tu unapomaliza kuandika. Ndani ya kufuli usifanye safari ndefu, usimpigie mtu simu, usingoje mtandao. Lipe kufuli jina na muda, na la mwenzio usilifungue. Ukilazimika kushika makufuli mawili, kila mtu ayashike kwa mpangilio uleule, la sivyo kila mmoja atashika la kwake akisubiri la mwenzie mpaka kiama. Na uweke machache kwenye sesheni, kwa kuwa kisichoshirikiwa hakigombewi. Usiniambie imefanya kazi ulipoijaribu peke yako. Ijaribu na mwenzio, mbonyeze pamoja, na mrudie hata baada ya kuchoka. Tena mtumiaji akikwambia "niliingiza", usianze kwa kumwita msahaulifu. Muulize nani mwingine alikuwa anabonyeza.

Mungu akupe mwalimu mkali mwenye kicheko. Azijalie kazi za mikono yako ziwafae watu usiowajua, kwenye vitanda ambavyo hutaviona. Na siku programu yako itakapokosea, kwa maana itakosea, akupe miguu ya kusimama mbele ya watu na kusema: ni mimi. Amina, mwanangu.