Kumrushia Mwalimu Teke

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi upande wa Kashozi, na hasira zangu zilikuwa za karibu. Watoto walilijua hilo. Nikiingia darasani hata nzi walitulia. Ndiyo maana nashangaa hadi leo kwamba furaha yangu kubwa ya miaka ile ilitokana na mchezo wa watu kurushiana mateke huku wakicheka.

Mchezo wenyewe uliletwa na Mbrazili mmoja aliyekuja kujitolea kufundisha useremala misheni. Alikuwa kijana mrefu, Kiswahili chake cha kubahatisha, na matoke aliyala kama mtu aliyezaliwa Maruku. Jioni akitoka kazini alikwenda peke yake kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi fupi nyuma ya migomba, akawa anazunguka, anasimama kwa mikono, anakata hewa kwa miguu. Watu walisema kachanganyikiwa, masikini, kakumbuka kwao. Mimi sikupenda kukisia wakati mtu mwenyewe yupo, kwa hiyo nilimwendea nikamuuliza.

Akaniambia unaitwa kapoeira, na kwamba ulianzishwa huko kwao na Waafrika waliouzwa utumwani. Watu husimama duara, wakiimba na kupiga makofi. Wawili huingia katikati. Mmoja anarusha teke, mwenzake anainama, naye anajibu, na ufundi ni kumkosa mwenzako kwa nafasi ndogo huku ukijua ungeweza kumpata. "Ni mazungumzo," alisema, "ila ya miguu."

Nikaanza kujifunza. Nilivaa suruali ya kaka yangu ndani ya gauni, na wanawake waliotoka kisimani walipoiona walitua ndoo ili wapate kunicheka vizuri. Sikujali. Kuanguka na kulala chini nilijua kabla ya kufundishwa. Wakati wa vita na Amin nilikuwa mtoto, na tukisikia mlio wa ndege tulijitupa kwenye mitaro ya migomba haraka kuliko vyura. Mbrazili aliponiona ninavyoshuka aliuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, vitani. Akacheka, kisha akaona kwamba sitanii.

Miaka ya vita ilikwisha, ikaja miaka ya ule ugonjwa. Mwanzoni hatukuutaja jina. Katika darasa langu, ukiwaambia watoto kesho waje na mzazi, waliokuja walikuwa bibi. Bibi mmoja alibeba wajukuu kutoka kwa watoto wake wawili, watatu, ambao wote wamekwenda. Kukiwa na msiba jirani ngoma haipigwi na jembe haligusi udongo, na kulikuwa na wiki ambazo kijiji kizima kilikaa kimya hivyo. Basi mwalimu mkuu aliponikubalia tuanzishe kapoeira shuleni, nadhani alitaka tu kusikia watoto wakipiga kelele tena.

Mbrazili alitengeneza ala ya mchezo kwa vitu vya palepale: upinde wa mti, waya uliochomolewa kwenye tairi kuukuu la lori, na kibuyu ambacho mwenyewe alikuwa akinywea rubisi. Kilitoa harufu ya pombe hadi mwisho. Wanaotaka kuingia mchezoni huchuchumaa kwanza mbele ya yule anayepiga upinde. Lakini mtoto wa Kihaya huwezi kumwambia achuchumae mbele ya mtu mzima halafu anyamaze. Kila mtoto alipiga magoti, akatazama chini, akasema, "Shumalamu, waitu," akasubiri kuitikiwa. Mbrazili alikuwa anapiga waya, anaimba na kuitikia marahaba kwa wakati mmoja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Wao kwa wao walicheza vizuri ajabu. Mbrazili naye walimrushia mateke bila huruma, maana mgeni hana ukoo hapa, nani atawashitaki. Tatizo lilikuwa mimi. Nikiingia duarani, mtoto aliyekuwa anaruka kama mbuzi alikauka. Mguu wake uliishia kwenye goti langu ukarudi. Kumwinulia mwalimu mguu, mtu mzima, mwanamke, aliye sawa na mama yako, ni jambo ambalo mikono na miguu yao yenyewe ilikataa. Niliwaambia wanirushie. Wakasema, "Ndiyo, mwalimu," wakasimama. Nikawafokea warushe. Nilivyozidi kufoka ndivyo walivyozidi kuniheshimu, na nusura nilie.

Na muda haukuwapo. Mbrazili alikuwa anaondoka mwisho wa mwaka. Mwalimu mkuu alinieleza bila kuzunguka: "Siku ya kufunga shule wazazi watakuja. Utaliongoza duara wewe, siyo yeye. Nikiona watoto hawachezi na wewe, mchezo utaondoka na mwenyewe." Hakuwa mkali. Alisema kweli tu, maana mwalimu wa kapoeira asiyerushiwa teke atamfundisha nani kukwepa?

Mwisho wa juma ule nilikwenda Muleba kwa bibi yangu nikiwa nimenuna. Nilipanda gari la wachuuzi waliokuwa wakirudi kuchukua samaki wa visiwani, nikafika ninanuka sangara. Bibi alinipokea vilevile alivyonipokea siku zote: "Mke mwenza, umekuja kuniibia mume?" Babu, mume mwenyewe, alikuwa marehemu siku nyingi, lakini utani wa bibi na mjukuu hauishi kwa sababu hiyo. Nikamjibu kwamba mume huyo alinipenda mimi kwa kuwa nina meno. Akanipiga na ganda la mgomba lililokuwa mkononi, nikamrushia teke la uongo, akaruka pembeni akipiga kelele kwamba mke mdogo anamuua. Mguu wangu ulikuwa bado hewani nilipoelewa.

Jumatatu niliingia duarani nimejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, nimeinama, nina fimbo. "Mimi siyo mwalimu," niliwaambia kwa sauti ya kikongwe. "Mimi ni bibi yenu. Nani kati yenu ananiletea jeuri?" Walitazamana. Kisha mvulana mmoja mfupi akasema, kwa sauti ndogo, "Bibi, kibanda chako kinavuja." Na akanirushia teke, teke la kweli, lililopita juu ya kanga yangu. Duara lililipuka. Wakaja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tusi lake la kibibi na teke lake, na mimi nikikwepa, nikiwarudishia, nikiwaambia miguu yao myembamba kama mibuni ya kiangazi. Sijawahi kutukanwa nikafurahi kiasi kile.

Alibaki mmoja tu. Alikuwa msichana wa darasa langu, mrefu, makini, mchezaji bora kuliko wote, na wenzake wote walimfuata yeye. Alikwepa kila nilichomrushia, vizuri kabisa, lakini hakurusha. Nilimwita pembeni.

"Huwezi kumtania bibi?"

"Wa kwetu hatumtanii, mwalimu," alisema. "Bibi wa kwetu ndiye mama. Ndiye anayetuchapa."

Nilimjua bibi yake; alikuwa na wajukuu watano kibanjani, pale kwenye migomba yake, na sikumbuki kumwona akicheka. Bibi wa kutania huwapo pale ambapo mama wa kukemea yupo. Wetu walikuwa wamelazimika kuacha kazi ile ya kufurahisha wakaanza upya ile nyingine, ya kuchapa, kulisha na kuhesabu nani bado hajarudi. Niliumia, nikasema ndani ya moyo wangu kwamba duara langu nitalibeba na watoto wengine, huyu nimwache.

Siku ya kufunga shule wazazi walijaa nyasini, karibu wote bibi, katika gauni zao za kanisani. Mbrazili alipiga upinde tu, nami nikainama na kanga zangu na fimbo. Watoto walinitania, wakanirushia mateke, na nikawaona bibi wale wakiziba midomo kwa kanga. Mwalimu mkuu alikuwa anapiga makofi nje kabisa ya mdundo. Ndipo yule msichana akachuchumaa mbele ya upinde, akasalimu, akaingia. Nikamrushia. Akakwepa. Nikamtukana kibibi. Akakwepa tena, uso mkavu, na makofi yakaanza kulegea, kwa sababu watoto walikuwa wanamtazama yeye.

Bibi yake akasimama.

Nilidhani ameudhika na nikanyoosha mgongo haraka, nikawa mwalimu tena. Alikuja polepole, akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka vizuri nyasini pamoja, na akaingia katikati yetu. Hakunitazama hata kidogo.

"Mke mwenza," alimwambia mjukuu wake.

Nadhani msichana alikuwa hajawahi kuitwa hivyo.

"Miaka yote hii nimekuwa mama yako, na baba yako nimekuwa mimi," alisema bibi. "Nimechoka. Leo niache niwe bibi."

Akainua mguu. Haukufika hata kwenye goti, na ulitetemeka hewani, lakini lilikuwa teke. Msichana akashuka chini yake, chini kabisa, kana kwamba lilikuwa teke la Mbrazili, akazunguka, na mguu wake mrefu ukapita juu ya kilemba cha bibi yake bila kukigusa.

"Mke mwenza," alimwambia, "na mguu mzito hivyo, mume wetu alikupendea nini?"

Yule bibi alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na gauni lake la kanisani, akimshika mjukuu wake mkono, akimvuta naye akae, na watoto wakapandisha wimbo. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale katikati na fimbo yangu. Nikaona kwamba hapana kazi yangu tena, nikafungua kanga kichwani, nikatoka duarani nikapige makofi na wenzangu.