Jibu Lililonipita Mferejini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sitawazungusha. Nawaonea wivu. Si wa miguu yenu wala wa meno yenu. Nawaonea wivu kwa sababu mkitaka kujua kitu mnakijua papo hapo, na hakuna anayewatuma maji.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu wa kike alikuwa amelala kwenye kochi hapa kwangu Komarock, Nairobi, miguu juu, anacheza mchezo wa maswali kwa simu. Akacheka. "Shosho, cheki hii! Ati wanajeshi wakifika kwa daraja wanaacha kupiga mguu pamoja. Unajua ni kwa nini?" Kabla sijafungua mdomo akajisomea jibu: wakikanyaga kwa mpigo mmoja, daraja linaweza kuanza kuyumba nao mpaka livunjike. Akapita kwa swali lingine, kitunguu na machozi, kama mtu anayekula njugu. Mimi nikainuka nikaenda jikoni, nikashika sinki kwa mikono miwili. Hilo la daraja nimelingoja tangu nikiwa msichana wa kubeba debe.

Tulikaa Makongeni, nyumba za reli, Uhuru ukiwa bado mpya. Baba alipaka grisi magurudumu ya treni, na hata baada ya kuoga alinukia grisi. Chumba kimoja, pazia katikati, stovu ya mafuta taa ikitoa moshi, mboga ya mrenda ikichemka. Mama aliletwa Nairobi akiwa mtu mzima. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu.

Jirani yetu alikuwa mwanajeshi wa zamani, mmoja wa wale waliorudi kutoka vita vya Burma. Jioni aliketi mlangoni akipiga viatu rangi, ingawa hakuna gwaride lililomngoja, na watoto wa mstari mzima wa nyumba wakamzunguka. Anauliza swali, watu wanakisia, wanabishana, halafu yeye anajibu polepole. Kwa nini maziwa hufurika yakichemka na maji hayafuriki? Kwa nini askari huanza na mguu wa kushoto? Ukishikwa na polisi, una haki ya kumuuliza nini? Kando yake, kwenye kiti kidogo, alikaa binti yake, rika langu, ameshika kopo la rangi. Na mzee kila alipojibu alimwangalia huyo binti usoni, kama anayempakulia kwanza kabla ya wageni.

Mimi je? Swali likishaulizwa tu, sauti ya mama inatoka ndani. "Wewe! Debe ni tupu!" Kaka zangu wanabaki wameketi, maji hayakuwa kazi yao. Foleni ya mfereji, bomba moja la mtaa mzima, ni ndefu, akina mama wanasukumana, madebe yanagongana, na kutoka pale mlangoni nasikia watu wakicheka. Basi najua jibu limeshatoka. Nikirudi, shingo inauma, namuuliza yule binti, "Alisema nini?" Anafunga kopo lake, tap. "Si ungekuwepo."

Siku mzee alipouliza lile la daraja, binti alinijibu hivyo hivyo. Sikutaka viatu vyake wala sare yake ya shule, ingawa yangu mimi niliivua darasa la nne. Nilitaka kile kiti.

Sasa sikilizeni. Mama aliuza mandazi pale langoni mwa nyumba za reli. Asubuhi moja akaja askari wa kanju, wale wa baraza la jiji, akamshika mama kwa mkono mmoja na karai kwa mkono mwingine, anafoka kwa Kizungu. Mama haelewi neno. Karai likienda, jioni hatuli. Nikasimama hapo nikilitazama karai. Ndipo binti wa jirani akapita na mfuko wake wa vitabu, akasimama.

"Afande, kosa lake ni gani? Mwambie kwa lugha anayoelewa."

Watu wakaangua kicheko. "Ebu msikize wakili!" Askari akamtazama, akatazama umati unavyojaa, akaona aibu. Akasema kwa Kiswahili kwamba langoni hapauzwi kitu, mama ahamie upande wa soko. Akamwachilia. Mama akahama, akauza, tukala.

Lakini kwanza alichagua andazi kubwa la moto akampa yule msichana. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote, kwa lugha ya nyumbani: "Na wewe? Umesimama kama mlingoti wa bendera. Hujui hata kuuliza?"

Jioni ile mzee alipofundisha maneno hayo mimi nilikuwa mferejini, na aliyenituma ni mama huyo huyo.

Nilipita huko juzi. Mfereji umeng'olewa, pamejengwa kibanda cha chipsi. Mlango wa mzee una rangi nyingine na kufuli kubwa. Watoto hawaketi nje. Kila mmoja anauliza simu yake peke yake. Yule binti sijui alikozeekea, na wivu niliomwonea ninao bado, sijautubu kanisani wala sina haraka. Ila niwaambie kitu: simu haimwangalii mtu usoni ikimjibu. Hicho hata nyinyi hamna.

Basi Jumapili hiyo mjukuu wangu alinifuata jikoni. "Shosho, umeninunia? Kwani la daraja ulikuwa unalijua?" Nikamwambia sikulijua, nikamvutia stuli, nikaanza kumweleza ni kwa nini sikulijua. Sijafika mbali, mama yake akaita kutoka sebuleni, "Wewe! Kuja utoe vyombo mezani!"

Nikatokea mlango wa jikoni nikawaambia wote, wakubwa kwa wadogo: katika nyumba hii msichana akiuliza, ajibiwe mpaka mwisho, na asitumwe mpaka ainuke mwenyewe.