Kona Waliyoikata Kwenye Gazeti la Nishimwe

Nyie, mimi nimeona magazeti yakirudi bila kipande. Si moja. Yote yamekatwa kona ileile, juu kulia, kwa wembe.

Kaa vizuri nikueleze.

Nishimwe ni rafiki yangu wa darasa. Tunasoma Walikale, lakini kwao ni Masisi, kwenye milima ya maharagwe. Mimi naandika makala za gazeti la shule, yeye anapanga kurasa kwenye ordinateri, yaani kompyuta. Na anaijua kazi, huyo dada.

Toleo hili lilikuwa juu ya maisha ya milimani. Maître Symphorien, mwalimu wetu, akatuambia: "Musichapishe kwanza. Mupeleke nakala za majaribio kwa wenye milima, muchukue maoni yao, murekebishe, njo mutume Goma kuchapishwa."

Likizo ikafika, tukapanda Masisi.

Jaladani Nishimwe aliweka foto aliyopiga mwenyewe asubuhi moja: shamba la mama yake, maharagwe yanachanua, na kule juu kwenye kona ya kulia, moshi mwembamba unatoka katika mianzi.

Tukagawa nakala nyumba kwa nyumba. Kila mtu: "Iko muzuri, mwanangu. Mungu akubariki." Kosa hata moja hawakutaja. Kule kumkosoa mtoto wa jirani mbele ya macho yake ni aibu.

Halafu nakala zikarudi zimekatwa.

Nishimwe alinuna kwanza, kisha akacheka. Milimani watu hukata picha za magazeti wakabandika ukutani, juu ya kitanda, karibu na msalaba.

"Unaona, Adelaïde? Hayo njo maoni. Wamependa ule moshi mupaka wameuiba."

Hata mimi niliona ina maana.

Akakaa na ordinateri yake, akaikuza ile kona ikajaa jalada zima. Mianzi, moshi, na chini jina la kijiji kwa herufi nyekundu. Ilipendeza, nisiseme uongo. Akaitupia kwenye WhatsApp ya shule watu wapige kura. Sifa zikamiminika, wengine wakaisambaza kwa ndugu zao.

Akakimbia kumwonyesha mama yake. Mama Brigitte alikuwa anachambua maharagwe. Alipoiona ile picha kwenye simu, ungo ukamponyoka.

"Umetumia nani?"

"Watu wa shule, Mama. Na wao wametumia wengine."

"Toa."

"Kwa nini? Si munaipenda wenyewe?"

"Nishimwe. Wenye bunduki wakipita, pale njo tunajifichaka. Hata sasa kuko wazee na watoto wanaogopa kurudi nyumba. Ule moshi ni wa uji wao."



"Nani alikata magazeti?" Nishimwe akauliza.

"Miye njo nilianza. Kisha nikapita kwa majirani, nikawaambia nao wakate."

"Si ungeniambia tu, Mama?"

"Kitu haukijue, hakuna muntu ataweza kukulazimisha ukiseme."

Nishimwe akaifuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ile picha ilishafika kwa watu ambao sisi hata hatuwajui.

Mchana uleule watu wakatoka mianzini. Walipita njia ya chini ya nyumba na mikeka, masufuria, watoto mgongoni. Mama Emérita, jirani, alikuwa anamshika mama yake mzee mkono, wanasimama kila baada ya hatua chache. Wapi watajificha siku wale wenye bunduki wakirudi, hakuna aliyejua. Na hakuna aliyetutukana. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Nishimwe akasimama njiani kuomba msamaha. Papa Ndagijimana, baba yake wa ubatizo, akasimama na godoro kichwani.

"Papa, munisamehe. Kama mungeniambia, hata foto nisingepiga."

"Najua, mwanangu. Tulikaa tukaulizana kama tukuambie." Akaliweka godoro sawa. "Wengine walisema uko wetu. Wengine walisema unasoma mbali, hatujue tena unaongeaka na nani. Miye pia nilisema hivyo."

Akaendelea kupanda mlima.

Nishimwe alikaa chini palepale kwenye udongo akalia. Mimi nikakaa kando yake.

Gazeti lilitoka. Jaladani kuna mikono inayochambua maharagwe, bila sura ya mtu, bila jina la kijiji. Maître Symphorien alilisifu mbele ya shule nzima. Nishimwe nakala yake hajaifungua mpaka leo.

Ndugu zangu, ukiomba watu maoni, usilewe na sifa. Na wakikujibu kwa mikono, usijitafsirie peke yako vile moyo wako unapenda. Rudi, kaa nao, uliza polepole. Ukiona bado hawataki kusema, basi walichokikata kiache kimekatwa.